Kutoka Igoma hadi Siwa na watoto watatu na bibi yao: kuna aliyewahi kufika?

BabaKulwa_Igoma

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa aliyefika kwa miguu yake, sio aliyesimuliwa na shemeji.

Dada yangu mkubwa yuko Cairo mwaka wa sita sasa, na Desemba hii ametuita. Msafara ni huu: mimi, mke wangu, mapacha Kulwa na Doto wenye miaka tisa, Shija aliyewafuata ana miaka minne, na mama mkwe kutoka Nansio. Mama mkwe hakuwamo kwenye bajeti. Alisikia wajukuu wanapanda ndege akasema yeye habaki Ukerewe kulinda kuku.

Piramidi tutaziona siku moja, inatosha. Ninachotaka mimi ni kupumzika. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Igoma, Mwanza, nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa tatu usiku, Jumapili nusu siku. Mara ya mwisho kulala siku tatu mfululizo nilikuwa na malaria.

Dada anasema Cairo kwenyewe hakuna kupumzika, ni honi mwanzo mwisho, kwa hiyo twende Siwa, oasisi iliyoko magharibi kabisa mwa Misri karibu na mpaka wa Libya. Mitende, chemchemi, ziwa la chumvi, mchanga. Picha alizotuma ni nzuri. Mke wangu aliziangalia akanirudishia simu: "Ziwa tunalo hapa hatujamaliza hata kulizunguka, halafu unipandishe ndege nikaangalie ziwa?"

Naomba kujua: safari ya barabara ikoje kwa mtoto wa miaka minne? Siku ngapi zinatosha? Desemba kuna joto au baridi? Sisi ni Wakristo, kuna shida yoyote kule? Na mama mkwe amesikia mahali kwamba mchanga wa Siwa unatibu magoti. Ameshaanza kuwaaga majirani kwamba atarudi anakimbia. Kuna ukweli?

Jiwe_Linaelea

Mkuu, panda boti pale Capri Point, dakika chache tu uko kisiwani Saanane. Swala wapo, pimbi wapo juu ya mawe wanaota jua, na jioni unalala kitandani kwako. Hela inayobaki niletee nikutunzie.

Ila utani pembeni, historia ya hiyo njia unaijua? Kuna mfalme wa Uajemi, Cambyses, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita alituma jeshi kuelekea huko huko Siwa. Herodotus ameandika kwamba walikuwa watu 50,000 na dhoruba ya mchanga ikawafunika wote. Mpaka leo hawajaonekana. Na hao hawakuwa na mama mkwe.

MamaMwaloni

BabaKulwa, mimi nimefika. Niliishi Cairo miaka mitatu mume wangu akiwa masomoni, na mwisho wa Januari 2018, shule za kule zikiwa zimefungwa, tulikwenda Siwa na watoto wetu wawili pamoja na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Magu. Siku hizi niko Mwaloni Kirumba na dagaa zangu, kwa hiyo ukiona naandika vipande vipande ujue kuna mteja.

Nianze na barabara, maana hapo ndipo utakapomjua mkeo. Mabasi ya kutoka Cairo mengi huondoka usiku yakafika asubuhi. Mnapita upande wa bahari mpaka Marsa Matruh, halafu mnakata kusini kama kilomita 300. Hizo 300 ndizo safari yenyewe. Chukua Mwanza mpaka kupita Nzega kidogo, halafu ondoa Misungwi, ondoa Shinyanga mjini, ondoa Tinde, ondoa wauza mahindi ya kuchoma, ondoa miti yote, ondoa na ng'ombe. Kilichobaki ndicho utakachokiona dirishani. Njiani kuna vizuizi, askari wanapanda wanakagua pasi za kusafiria, tena sio mara moja. Ziweke zote mfuko mmoja, zikae kwa mtu mmoja, na mtu huyo asiwe yule anayelala sana. Sisi zilikuwa kwa mume wangu. Kila kizuizi tulianza kwa kumwamsha.

Basi letu, kampuni siitaji, kipoza hewa kiligoma kuzimwa. Januari, usiku, jangwani, na kinapuliza kama friza ya sangara. Watoto niliwafunga vitenge kama mizigo ya Ukerewe. Kwa hiyo blanketi liwe mkononi, sio kwenye begi lililo chini ya basi.

Asubuhi ndipo utaelewa kwa nini watu wanahangaika hivyo. Mchanga, mawe, mchanga, mara ardhi inateremka, na kule chini unaona kijani kama mtu amemwaga rangi. Siwa iko shimoni, karibu mita 19 chini ya usawa wa bahari. Mitende na mizeituni hujui inaishia wapi. Mama yangu aliyekuwa amenuna tangu Matruh alisema neno moja tu: "Wabheja." Sikujua anamshukuru Mungu au dereva.

Sasa hilo la ziwa, mwambie mkeo hivi. Sio ziwa analolijua.

Tulikodi bajaji (mikokoteni ya punda ipo bado, lakini bajaji ndizo zimeshika mji) tukapelekwa kwenye maji. Mama akasimama ukingoni kama anavyosimama Magu, mkono kiunoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mtumbwi. Hakuna nyavu. Hakuna ndege anayevua. Ukingo mweupe pee, kumbe chumvi imeganda kama barafu ya kwenye friji bovu. Mama hajui Kiarabu hata cha kuombea maji, akamgeukia dereva akamuuliza kwa Kiswahili chake cha Kisukuma: "Samaki?" Yule kijana akaelewa! Kwa Kiarabu samaki ni *samak*. Akajibu: "Mafish samak." Mwanangu wa kwanza, anayesoma shule ya Kiingereza, akashangilia kwamba amesikia "fish", kwa hiyo samaki wapo. Kumbe *mafish* kwa Kiarabu cha Misri ni "hakuna". Ubishi ule ulidumu mpaka chakula cha mchana.

Mama alikosa raha kabisa. Ziwa kubwa hivi na hakuna anayekula kutoka humo? Alisema ni kama kuona nyumba ya ghorofa haina mlango.

Lakini ndani ya hayo maji ndipo nilipomwona mama yangu kwa namna ambayo sijawahi. Mjue huyu ni mtu aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka Ziwa Victoria na hajui kuogelea. Sisi wa huku ziwa tunalichota, tunalifulia, tunalivua, ila kuingia tu kujiburudisha? Kuna mamba, kuna kichocho, na kila familia ina jina la mtu ambaye hakurudi. Tangu nikiwa mdogo sentensi yake ilikuwa moja: "Maji yasivuke goti." Sasa kule Siwa kuna mashimo waliyochimba kutoa chumvi, yamejaa maji ya rangi ya samawati ambayo hata ukiyapiga picha mtu atakwambia umeyapaka rangi. Chumvi ni nyingi kiasi kwamba huwezi kuzama. Ukijilaza unaelea kama boya la nyavu. Dereva alitutafutia shimo lisilo na watu, yeye akageuza bajaji akatupa mgongo. Mama akaingia na gauni lake na kitenge juu. Goti. Paja. Akanishika mkono kwa kucha. Nikamwambia kaa kama unakaa kwenye kiti. Akakaa, na maji yakambeba.

Alikaa humo nusu saa nzima, miguu imeelekea juu, kilemba hakijalowa. Hakucheka wala hakusema kitu. Ninayo picha, lakini siiweki hapa, atanilaani.

Tahadhari za hapo: mtu mwenye kidonda, hata mkwaruzo wa mbu, asiingie, au aingie akijua atapiga kelele. Mtoto asirushiane maji na mwenzake. Wangu wa pili alikuwa na miaka mitano, alijipangusa macho na mkono wenye chumvi, nikammwagia chupa mbili za maji ya kunywa usoni pale pale. Beba maji yasiyo na chumvi ya kutosha ya kujisuuza, maana ukikauka bila kusuuza ngozi inakakamaa kama ng'onda.

Halafu hayo maji ya kunywa yenyewe: chupa zimeandikwa *Safi*. Ndilo jina la kampuni, na yanajazwa huko huko Siwa. Wanangu walidhani tumeandikiwa sisi.

Mteja. Narudi.

MamaMwaloni

Nimerudi. Siku ngapi: usiende kwa chini ya usiku tatu. Nakueleza kosa letu uliepuke.

Mume wangu ni msomi, alikuwa na daftari. Siku ya kwanza, hata uchovu wa basi haujatutoka, akatuzungusha kote. Hekalu la Amun pale Aghurmi, ambako Alexander Mkuu alikuja mwaka 331 kabla ya Kristo kumuuliza mungu yule maswali yake. Kisima cha Cleopatra, ambacho hakuna ushahidi kwamba Cleopatra alikiona. Ni bwawa la mviringo lililojengewa mawe, maji yanabubujika kutoka chini, vijana wanajirusha humo. Mlima wa Wafu wenye makaburi ya kale yaliyochongwa kwenye mwamba, ambamo wenyeji walijificha ndege za Italia zilipokuwa zikidondosha mabomu wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Humo kuna kaburi moja linaitwa Kaburi la Mamba kwa sababu ya mchoro wake, na hilo ndilo peke yake wanangu walilolikumbuka. Mamba jangwani! Jioni Shali, ngome ya zamani katikati ya mji, ya tangu karne ya 13.

Kila kimoja ni kizuri. Vyote kwa siku moja ni adhabu. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa watu watano hatusemezani.

Ila Shali usiiache, pandeni jioni jua likiwa limepoa. Wameijenga kwa matofali ya udongo wenye chumvi ya lile ziwa, wanaita *kershef*. Yanadumu karne na karne ilimradi mvua isinyeshe, na kule mvua ni habari ya kusimulia wajukuu. Mwaka 1926 ikanyesha siku tatu mfululizo, nyumba zikayeyuka. Nasema zikayeyuka, sio zikabomoka. Ukiangalia kuta utaona zimelegea kama mshumaa. Watu wakahamia chini, wakaanza upya. Mimi niliyekulia kwenye mawe ya Mwanza, ambako nyumba inaegemea jabali na jabali linaegemea jabali lingine, nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Siku ya pili mama aligoma. Alitandika kitenge chini ya mitende kwenye bustani ya nyumba tuliyopanga, akasema daftari liende bila yeye. Nikabaki naye, na watoto wakabaki. Kuna mfereji mdogo wa maji unaopita bustani zote kwa zamu, watoto wakajenga bandari yao hapo, makuti ndio meli. Mwenye nyumba akaleta chai. Nikainusa: mchaichai! Ule ule wa nyuma ya jiko la bibi yangu. Kule wanautia kwenye chai na kukuuliza sukari vijiko vingapi kwa maana ya vinne au vitano. Mama alikunywa vikombe nilivyoacha kuvihesabu, akalala mchana, akaamka, akauliza kama kuna nyingine.

BabaKulwa, hapo ndipo pa kwenda. Hayo mengine ni ya kupitia tu. Mume wangu alirudi saa nane kachoka na daftari lake, akakuta tumelala wote, akavua viatu.

Jioni hiyo tulikwenda Fatnas, zamani kisiwa, sasa unafika kwa barabara. Mnakaa kwenye viti vya makuti mnaangalia jua linazama kwenye maji ya chumvi. Sisi wa hapa jua la ziwani tumelizoea, mkeo yuko sahihi. Ila hapa linapozama mtu yuko kwenye daladala.

DerevaWaNyikani

Mama umeandika vizuri mpaka nimesahau nilichotaka kusema.

Kwa wanaosoma na hawana dada Cairo: maji katikati ya ukame yapo hata kwetu. Chemka, unakata kutoka Boma Ng'ombe kule Kilimanjaro, njia ya vumbi tupu, halafu unakuta bwawa la maji ya samawati chini ya miti mikubwa ya mikuyu yenye mizizi iliyoingia majini, na kamba ya kujirushia. Wanaita Maji Moto lakini hayachomi, ni ya uvuguvugu. Wikiendi kunajaa, nendeni katikati ya wiki. Mwingine anayetaka jangwa hasa aende Ngare Sero, Ziwa Natron. Korongo lenye maporomoko, heroe, Ol Doinyo Lengai kichwani kwako. Kutoka Mwanza unaweza kukatiza Serengeti kutokea Loliondo, ila ada za hifadhi zihesabu kabla hujawaahidi watoto, na gari iwe gari kweli. Natron nayo ukiuliza samaki… wapo vidagaa fulani vidogo wanaovumilia magadi. Mama wa Magu angepata faraja kidogo.

FundiVisima

Naongezea kwa upande wa kazi yangu, maana watu wanadhani oasisi ni mvua iliyokwama.

Mimi nachimba visima Kwimba na Misungwi. Huku kwetu chini ni mwamba wa granite, maji yako kwenye nyufa tu. Ukiupata ufa unashangiliwa, ukiukosa unalipwa maneno. Siwa ni kinyume. Chini yake kuna tabaka la mchangamwamba linaloitwa la Nubia, limetambaa Misri, Libya, Sudan na Chad, na limejaa maji ya mvua zilizonyesha maelfu ya miaka iliyopita Sahara ilipokuwa na nyasi. Kwa kuwa Siwa iko chini ya usawa wa bahari, maji yanapanda yenyewe. Hawavuti, wanatoboa tu.

Hapo ndipo tatizo. Walitoboa mno. Shimo halina mto wa kutoa maji nje, kwa hiyo yanayomwagwa mashambani yanarudi kwenye yale maziwa, jua linakausha, chumvi inabaki. Maziwa yalipanda kwa miaka mingi na kula mashamba ya mitende pembeni. Serikali yao imekuwa ikifunga visima na kuchimba mifereji ya kutoa maji. Sisi mwaka 2020 ziwa letu lilipopanda likaingia kwenye nyumba za watu ufukweni tunaijua hiyo hofu, ila letu lilipanda kwa mvua na likashuka. La kule lilipanda kwa mikono ya watu, na maji yenyewe ukishayatoa chini hayarudi leo wala kesho.

Kwa hiyo MamaMwaloni, mama yako aliuliza swali la kitaalamu kuliko alivyojua.

BabaKulwa_Igoma

Wakuu nimesoma yote mara mbili, ya pili kwa sauti. Mama mkwe alipofika pale pa yule mama wa Magu kukalia maji alisema "mwongo huyo", halafu akaomba nirudie.

MamaMwaloni, bado hujanijibu magoti. Na baridi. Na sisi Wakristo.

MamaMwaloni

Magoti nilikuwa nayakwepa kwa sababu yupo anayesikiliza.

Shikamoo mama. Ni kweli wanafukia watu mchangani, Jabal Dakrur, wenye baridi yabisi na maumivu ya viungo wanakwenda. Lakini ni kiangazi, Julai na Agosti, mchanga ukiwa unaunguza. Wanakuchimbia kitu kama kaburi, wanakufukia mpaka shingoni muda mfupi, halafu unafungwa blanketi na kupewa chai ya moto, na siku kadhaa usipigwe na upepo. Desemba hakuna huduma hiyo, mchanga wenyewe unakuwa baridi. Na mtu mwenye presha au moyo asijaribu hata hiyo Julai bila kumuuliza daktari wake. Mama yangu alikuwa na matumaini hayo hayo. Tulimpeleka badala yake kwenye chemchemi ya moto, Bir Wahed, huko kwenye Bahari Kuu ya Mchanga. Unakwenda kwa gari la kupanda vilima vya mchanga, kibali cha jeshi anakushughulikia mwenye gari, mwambie siku moja kabla. Alilowesha magoti akasema yamelegea. Kesho yake yakarudi vile vile. Lakini alipenda lile gari, sikutegemea. Linapanda kilima, linasimama kileleni, halafu linajiachia. Mimi nilifumba macho, yeye anasema "tena".

Na huko njiani waambie mapacha watazame chini. Kuna magamba ya konokono wa baharini na viumbe wengine wamegeuka mawe, maana kulikuwa bahari zamani za kale. Wayaangalie, wayaache. Wangu walitaka kujaza begi.

Baridi: mchana Desemba ni wa raha, jua halichomi. Usiku hushuka mpaka karibu nyuzi tano, na nyumba nyingi hazina kipasha joto. Sweta mbili kila mtu, soksi, kofia za watoto. Sisi watu wa Mwanza tunadhani baridi ni ile ya mwezi wa saba ziwa likipuliza. Sio hiyo.

Ukristo wenu hauna shida. Wenyeji ni Waislamu na ni watu wa asili ya Amazighi, wana lugha yao wenyewe Kisiwi, Kiarabu ni cha pili. Watulivu sana. Mkeo na mama wavae kama wanavyovaa kwenda msibani, mikono na magoti yafunikwe, mtaheshimiwa. Wanawake wao walioolewa wanajifunika shuka kubwa mpaka uso, usiwapige picha, na wakipita usikodoe macho. Pombe haiuzwi. Siku ya Krismasi itakuwa siku ya kawaida tu kule, kwa hiyo kama mama mkwe anataka pilau, pikeni. Nyumba nyingi za kupanga zina jiko.

Chakula: tende utazichoka kwa hiari, mafuta ya zeituni yanachovywa na mkate asubuhi. Kuna nyama na kuku wanaopikwa ndani ya pipa lililofukiwa mchangani na makaa, agizeni mapema.

Nzi wapo, mbu wapo. Unatoka Igoma, sikufundishi mbu.

Jiwe_Linaelea

Nimeghairi Saanane. Mkuu, nafasi moja imebaki kwenye msafara?

BabaKulwa_Igoma

Nafasi haipo, mama mkwe ameongeza begi.

Nimekubaliana na nyumbani hivi: Cairo siku tatu, Siwa usiku nne, daftari marufuku. Mke wangu amelainika kwenye hiyo chai ya mchaichai na kulala mchana, ziwa hataki kulisikia bado. Dada atatukodia gari la familia badala ya basi ili tusimame njiani kwa ajili ya Shija. Kutoka hapa tutashuka na basi mpaka Dodoma, tupande treni ya umeme mpaka Dar, ndege inaanzia pale.

Swali la mwisho, sio langu. Bibi anauliza: apeleke nini kwa wenyeji? Haendi nyumba ya mtu mikono mitupu.

MamaMwaloni

Michembe.

Sitanii. Mama yangu alibeba mfuko kutoka Magu, akampa mwenye nyumba wetu. Yule mzee akaigeuza mkononi, akainusa, akaita wanawe. Nikaeleza kwa Kiarabu changu kwamba ni viazi vitamu, tunavikata, tunaanika juani, tunakula wakati wa njaa na wakati wa chai. Akaingia ndani akatoka na tende zilizokaushwa kwenye jua hilo hilo, zimeshindiliwa kwenye kikapu. Wakakaa pale wawili, hana neno la Kiarabu, hana neno la Kiswahili, kila mmoja anatafuna cha mwenzake na kutikisa kichwa. Yule mzee alitafuna michembe mikavu hivyo hivyo bila kuchemsha na meno yake yote salama.

Dagaa usibebe. Nauza dagaa na nakwambia usibebe. Nilijaribu kilo mbili, na ndani ya lile basi lililofungwa madirisha hakuna aliyekaa karibu na sisi mpaka Matruh.